Kipimo cha Mama Mkwe

Kiwiko cha Ndugu Filbert kilizama kwenye rangi mbichi hata kabla hajaingia ukumbini.

Alikuwa ameegemea ubao uliofunikwa gunia kwenye korido, avue kiatu atoe kijiwe. Gunia likateleza, na suti yake ya Kaunda, ile ya kijivu ya mikutano, ikapata doa jekundu la kutosha kumwaibisha mtu mzima. Pantaleo, mchoraji wa mabango ya sinema, alikimbilia kwanza kulirudisha gunia, ndipo akaomba radhi. Filbert hakuutazama ubao. Alitazama mkono wake, kisha akamtazama Pantaleo kama mtu aliyekuta nzi kwenye chai.

"Unaacha rangi njiani, na unajua leo kamati inakuja?"

"Nisamehe, mzee. Ni kazi ya haraka."

Kamati yenyewe, iliyopanga nani aone picha gani, ilikuwa ya watu watatu. Kulikuwa na Shomari, ambaye taa zikizimwa tu hulala. Kulikuwa na Benedikta, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alikuwa na tabia ya ajabu ya kuziangalia picha kweli. Na kulikuwa na Filbert, mwenyekiti, ambaye hakuhitaji kuangalia sana. Yeye kipimo chake kilikuwa kimoja, na alishakitangaza katika kila mkutano kuanzia Gerezani mpaka Kivukoni: picha ambayo huwezi kuiangalia umekaa na mama mkwe wako, hiyo si ya watoto. Ipigwe muhuri wa watu wazima, miaka kumi na minane kwenda juu, basi.

Shashikant, mwenye ukumbi, aliwapokea kwa chai na sahani ya kachori. Filbert hakugusa hata moja. Aliwadharau wenye sinema wote, na huyu zaidi, kwa jinsi alivyokuwa akifikicha viganja na kuchekacheka. Shida yake mtaa mzima uliijua. Ukumbi ulikuwa mtupu tangu Ramadhani, na wenye jengo walishampa notisi: hali isipobadilika mpaka mwisho wa mwezi, viti ving'olewe, pawe ghala la unga. Alibakiwa na picha hii moja tu ya kumwokoa.

Taa zikazimwa. Mjane akalia. Ng'ombe wake akapotea, akalia tena. Akaenda kuoga mtoni na sari yake nzima mwilini, akaimba, akatoka majini, kisha akalia kwa saa nzima bila kupumzika.

Taa zilipowaka, Benedikta alikuwa akipiga miayo.

"Mimi nasema kwa wote," alisema. "Mama wa watu kaoga na nguo zake. Sijui tu nani atatoa hela yake kuja kumtazama. Mombasa wameionesha kwa wote, nasikia watu walitoka hata mapumziko hayajafika."

"Kwa wote," Shomari akaitikia, usingizi bado machoni.

Mambo yangeishia hapo. Lakini Shashikant, kama kawaida ya watu wasiojua kunyamaza, akajisogeza mbele ya mwenyekiti.

"Ahsanteni, ndugu zangu. Ndugu Mwenyekiti, nakuomba sana, usitupige muhuri ule. Hii ni picha ya familia. Hata mama mkwe wako mlete Jumamosi, mzee. Nitamweka kiti cha pembeni yako kabisa, muangalie wote pale mtoni."

Filbert akawaona: yeye na mama mkwe wake, bega kwa bega gizani, na mwanamke yule akitoka majini sari imemganda. Damu ikamchemka. Mpumbavu huyu alikuwa amejimaliza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Watu wazima tu," alisema. "Na uandike kwa herufi kubwa."

Neno la mwisho lilikuwa la mwenyekiti. Shashikant alijitupa kitini, akafunika uso kwa viganja, mabega yakimtikisika. Filbert akamwacha hivyo hivyo, akatoka nje amefurahi sana. Unga ungewafaa wananchi zaidi.

Doa halikutoka. Mkewe alilisugua kwa mafuta ya taa siku mbili, na sabuni nyumbani ilikuwa imekwisha. Jumamosi alasiri Filbert alikatiza Kariakoo na suti ileile, mkono ameukunja kuficha kiwiko, akakuta foleni imezunguka kona. Sabuni imeingia, akajua. Siku zile mtu hakuuliza. Ukiona foleni unasimama kwanza, mengine baadaye. Akasimama.

Alitaka kumwuliza wa mbele yake kama ni ya mche au ya unga, lakini watu sita mbele aliiona kanga anayoifahamu. Mama mkwe wake naye alikuwa amejipanga. Kwa adabu akainamisha kichwa, akafunga mdomo, akawa anasogea wenzake wakisogea. Moyoni aliwacheka wote. Wanaume wazima wamenyoa ndevu, wamejipaka mafuta, wanasukumana kwa ajili ya kipande cha sabuni.

Foleni ikapinda kona. Filbert akainua macho.

Mama mkwe wake alikuwa dirishani, anapokea tiketi. Juu yake, kwenye ubao mkubwa, mwanamke alikuwa anatoka mtoni, na chini ya mwanamke, kwa herufi nyekundu, kila moja na kimo cha mtoto, paliandikwa: WATU WAZIMA TU. Herufi ya mwisho ilikuwa imevurugika pembeni, kwa upana wa kiwiko cha mtu, na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza.