Lori la Bluu, Lori la Njano

Sisi tunaopanga misafara ya misaada tumewekewa kifaa sikioni kinachofuta majina ya mahali, tusije tukapendelea kwetu. Malori tunayajua kwa rangi tu. Kazi hii niliisomea masomo ya jioni nikiwa na mimba ya Zawena, nikitamani akue akimwona mama yake anaendesha jambo kubwa.

Siku ya mafuriko mama yangu alipiga simu, nyumba imejaa maji. Simu ilikuwa kwenye spika; akataja alikokimbilia, nami sikusikia kitu. Zawena, niliyempakata, alisikia.

Punde akapiga dereva wangu, Kibwana.

"Dada, mafuta yanatosha lori moja. La bluu lina maziwa ya vichanga, linakwenda..." Kimya. "La njano lina unga, linakwenda..." Kimya tena.

"La bluu," nikasema. Vichanga hawana subira.

Zawena akanivuta shingo. "Mama, siyo hilo! Bibi je?"

Maneno hayo kifaa hakikuyafuta.

"Dada, upo? Ni hilohilo?"

Nilimbana mwanangu kifuani. "Hilohilo, Kibwana. Nenda."

Mama aliokolewa na majirani. Anasema amenisamehe, ila siku hizi huniita "bosi asiye na kwao", kisha hucheka peke yake.

Zawena hucheza na malori yake ya maboksi, akiyatajia yanakokwenda. Nikimsogelea, naona midomo ikicheza, sauti siisikii. Sijui kama ni kifaa, au ni mwanangu ananificha.