Fundi wa Ndara

Tik. Kisha kimya kirefu, kiasi cha mtu kuamini kwamba limeacha. Kisha tik.

Hakujapambazuka bado. Bibi Vidosava alilala akisikiliza bomba la jikoni likidondosha maji, akajiambia, kama kila alfajiri, kwamba leo atafanya jambo. Kitambaa alicholizungushia mwaka jana kilishaoza. Sakafu chini ya sinki ilikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai.

Jiko lile lilijengwa na marehemu mumewe, Dragomir, mtu aliyeipenda sana nyundo, ingawa nyundo haikumpenda. Sikukuu iliyopita ya mtakatifu wa ukoo, padri akiwa anabariki ngano mezani, mlango wa kabati uling'oka ukatua katikati ya sahani. Padri, kwa wema wake, aliendelea kusoma. Lakini Jasmina, mke wa mwana wa Vidosava, alisema kwa upole kwamba mwaka ujao sikukuu ingefaa ifanyike kwao.

Sikukuu ikishahama nyumba hairudi. Vidosava angekuwa mgeni mbele ya mshumaa aliouwasha mwenyewe tangu alipoolewa. Basi alichukua fedha alizojiwekea za mazishi yake, akaenda kununua vigae vya rangi ya maziwa.

"Fundi," alimwambia muuza vigae, kama anavyoitwa mwanamume yeyote pale mjini Kraljevo, "nitazikwa vibaya, lakini nitakuwa nimekula pazuri."

Muuzaji alicheka, akaahidi kumtumia mtu Jumanne.

Jumanne asubuhi mlango uligongwa. Alisimama mwanamume wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri, ndara miguuni na ndoo mkononi. Ndani ya ndoo mlikuwa na maji. Vidosava alifurahi sana. Alikuwa hajawahi kuona fundi anayekuja na maji yake mwenyewe.

"Ingia, fundi, ingia."

Mtu yule alifungua mdomo. Lakini Vidosava hakuwa mwanamke wa kumwacha mgeni aeleze shida kabla hajanywa kahawa. Alimkalisha, akamletea kahawa, kijiko cha jamu ya cheri, kikombe kidogo cha pombe kali ya Dragomir, kisha pai ya jibini iliyotoka motoni.

"Bibi, mimi nilikuja kuhusu maji..."

"Najua, mwanangu. Maji ndiyo yaliyotufikisha hapa. Kula."

Alikula kama mtu aliyesahau kwamba chakula huwa cha moto. Baada ya kipande cha tatu aliacha kujaribu kueleza. Alilitazama bomba kwa muda mrefu, akaomba spana. Vidosava aliona ajabu kidogo, fundi kuja na maji lakini bila spana. Hata hivyo Dragomir alikuwa ameacha spana za kutosha kikosi kizima.

Kisha alimwonyesha mchoro alioupanga nyuma ya kalenda: sinki lihamie dirishani, kabati lishuke, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akishuka kila mwaka. Alingoja swali ambalo kila fundi wa mji ule huanza nalo: nani amekuharibia hivi? Huyu hakuuliza. Alipitisha kiganja juu ya kabati la Dragomir, akasema tu kwamba aliyelitengeneza alichagua mbao nzuri. Vidosava ilimbidi atoke kidogo kwenye roshani kuangalia hali ya hewa.

Alikuja kila siku. Alisema zamani alifanya kazi kwenye kiwanda cha mabehewa, mpaka kilipofungwa, na Vidosava akamjibu kwamba behewa na jiko ni ndugu, vyote hubeba watu. Alifanya kazi polepole, simu imeegemezwa dirishani. Vidosava alidhani anatazama mpira, ingawa hakuelewa ni mpira gani unaochezwa na mtu mmoja na ndoo ya gundi.

Mvua ikanyesha, theluji ikaanguka, na yeye alifika na ndara zilezile, kavu. Maskini, aliwaza Vidosava, hana hata viatu. Akamfumia soksi.

Wakati wa kahawa alimsimulia habari za majirani. Kuna wa ghorofa ya juu anayekung'uta mazulia juu ya nguo alizoanika yeye. Kuna wa chini, aliyenunua nyumba ya marehemu Ružica tangu kiangazi, na hata salamu hajaleta.

Fundi alipaliwa na kahawa.

"Labda ana haya, bibi."

"Haya ya nini? Kwani mimi nang'ata?"

Vigae vilimalizika siku moja kabla ya sikukuu. Mstari mmoja karibu na dirisha ulipinda kidogo, na Vidosava aliupenda kuliko yote, maana bila huo angejiona amehamia kwa watu. Padri alibariki ngano, jicho moja likiwa kwenye kabati. Jasmina alifungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena, akingoja. Haukuanguka. Wakati wa kuaga alimbusu mkwewe, akasema mwakani wataleta meza ya ziada, hapa hapatoshi.

Fundi alikuwepo pia, na alikula kabichi ya nyama kwa niaba ya ukoo mzima. Wageni walipokwisha kuondoka, Vidosava alitoa bahasha. Fundi aliisukuma irudi. Vidosava akaisukuma tena, uso ukimwiva.

"Kama ni kidogo, sema. Nimezoea kuona aibu."

"Si kidogo, bibi. Si yangu." Alikuwa akivaa ndara juu ya soksi mpya, hakuinua macho. "Siku ile nilipanda kukuambia tu kwamba dari yangu inavuja; yule wa muuza vigae hajafika mpaka leo. Na wewe shuka siku moja unitembelee, mlango wa marehemu Ružica. Mimi sing'ati."