Vikombe Vitatu vya Posa

Kikombe cha kwanza cha pombe kilishuka kooni mwa Hongbiao. Mama yake, Qiulan, akamkazia macho usoni, akisubiri wekundu.

Haukuja.

Hongbiao alikuwa mkorogaji wa dawa katika kiwanda cha ngozi bandia. Dawa yenyewe ni ile ya kuyeyushia plastiki inayopakwa juu ya kitambaa. Haina rangi, utadhani maji. Inanuka samaki kwa mbali, nayo hupenya mwilini bila kuuma. Aliyeishika, akinywa pombe kabla siku nne hazijapita, uso humwiva, kifua humbana, moyo hukimbia. Mwaka jana jirani yao alimaliza bia moja tu. Wakamzika.

Lakini kumposa binti wa Mzee Pan bila kunywa vikombe vitatu na mzee mwenyewe ni kumtukana mbele ya ukoo wake. Na Hongbiao ana miaka thelathini na mitatu, posa mbili zimeshavunjika. Ndipo Qiulan alipokwenda kumlilia msimamizi amwondoe mwanawe kwenye mapipa ya dawa wiki nzima, atafute mtu wa kumshikia zamu.

"Mtu gani?" msimamizi aliuliza.

"Yeyote yule. Mradi si mwanangu."

Sasa Mzee Pan alikuwa akimimina cha pili.

"Mama Hongbiao, mbona humwachi kwa macho? Unaogopa nitamla?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Wajomba wa binti walikuwa wamekaa upande wa mlangoni, wanne, mabega yamegusana. Hakukuwa na pa kupenya.

"Tule kwanza, mkwe," Qiulan alisema. "Pombe haikimbii."

"Hata mimi sikimbii! Hofu zenu za wakorogaji mimi sizijui. Miaka ishirini pale kiwandani, kazi yangu kukata ngozi. Haya kijana, mpaka tone la mwisho! Au unangoja ruhusa ya mama?"

Wakagonganisha vikombe juu ya meza. Qiulan akainusa ile harufu ya samaki. Samaki hakuwa ameletwa bado.

Akamfinya mwanawe pajani. "Umegusa pipa, wewe?"

"Mama, jamani! Siku ya sita leo, hata getini sijakanyaga."

Cha tatu kikashuka. Qiulan alihesabu pumzi za mwanawe mpaka mia. Uso ulibaki vilevile, mweupe, na Hongbiao alikuwa akitabasamu kama mtoto. Mama akashika vijiti vyake vya kulia kwa mara ya kwanza tangu waketi.

Kikombe kikaanguka sakafuni.

Mzee Pan alikuwa ameiva uso mzima mpaka shingoni, kama aliyemwagiwa maji ya moto. Vidole vyake vilikuwa vikivuta vifungo vya shati, kinywa kiko wazi, hewa haiingii.

Binti yake, Yaqin, akamrukia.

"Baba! Zile zamu za mapipani, baba, si ulisema ni wiki moja tu, kuna mtu unamshikia?"