Viza Haitaki Meno

Simu ikaikataa picha tena: uso unatabasamu.

“Mama, funga mdomo! Viza ya mtandaoni haitaki meno,” kitindamimba wake akasema, naye mwenyewe hana mbavu kwa kucheka.

Mama, fundi cherehani, akabana midomo kama anavyoibana akiwa na pini mdomoni. Wapi! Kila alipowakumbuka mapacha wa binti yake huko ng'ambo, wajukuu ambao hajawabeba bado, mashavu yalimponyoka na pengo la mbele likachungulia.

“Basi fikiria jambo la huzuni.”

“Leo? Nilitoe wapi?”

Kijana akakuna kichwa. “Fikiria siku ya kuwaaga, urudi huku.”

Uso ukatulia tuli. Simu ikalia: picha imekubaliwa.

“Tayari! Haya, sasa cheka, Mama. Mama?”