Saketi ya Taa ya Jikoni

Sheria ilitaka kila kifaa cha umeme nyumbani kiwe na sikio la Serikali la kunasa mazungumzo. Saketi zilizo ndogo kuliko ukucha zilisamehewa, maana sikio halikuenea ndani yake. Kwa hiyo Agripina alibuni saketi ndogo kama punje ya dengu, akaifunga kwenye taa ya jikoni. Humo jikoni tu ndimo yeye na bintiye Devota walimoongea watakavyo. Kisha, kama wafanyavyo wapenda saketi, akawagawia wenzake mchoro.

Ijumaa mkaguzi alibisha hodi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Pima upesi, maharage yangu yanaungua.”

“Leo sipimi. Tumepata sikio jipya, linaenea popote.”

Agripina akavaa miwani. Pembe za sikio hilo zilikuwa zimeviringwa kama alivyoziviringa yeye kwenye mchoro wake, na ukingoni ilikuwepo ile A ndogo aliyozoea kutia kama sahihi. Hakuna aliyejisumbua kuifuta.

Mkaguzi alilifunga kwenye taa, akaaga.

Jioni Devota alirudi kutoka shuleni. “Mama, huyu mwalimu mkuu wetu, we acha tu...”

“Kula kwanza.”

Devota akacheka. “Tangu lini?”

Mama yake akampakulia maharage, akaketi chini ya taa.