Vidole vya Hirola

Mama yake alipotoka nje kuchota maji, Hamdi aliivuta ncha ya ushungi wake akaing'ata, kisha akabandika vidole vyake kumi juu ya kikaango cha kupikia mkate wa anjera kilichokuwa bado motoni. Alikuwa amepanga kuhesabu hadi kumi. Alifika tano, kikaango kikaanguka kwa kishindo.

Abshiro, mama yake, alirudi mbio akamkuta amekaa sakafuni, mikono ndani ya beseni la maji.

"Hooyo, mwanangu, umefanya nini?"

"Kikaango kiliteleza, nikakidaka."

"Kwa mikono yote miwili?"

Hamdi aliizamisha mikono zaidi majini. Mama akalia kana kwamba yeye ndiye aliyeungua, akamfunga bendeji kidole kimoja kimoja.

Miguu, alhamdulillahi, ilikuwa salama. Watu laki tatu walimfuata mtandaoni kwa ajili ya miguu ile: msichana wa chuo Garissa, hijabu kichwani, anakimbia alfajiri kando ya Mto Tana huku akiwatania watazamaji wake. Walimwita Hirola, yule swala adimu wa Ijara. Kocha wake, Mursal, hakuipenda ile simu hata kidogo.

"Wewe unakimbilia simu ama unakimbilia saa yangu?" alikuwa akimwuliza kila asubuhi.

Kisha, kabla ya habari ya kikaango, Hamdi akashinda mita elfu tano za vyuo, akachaguliwa kwenda kushindana nje ya nchi. Kocha akaacha kunung'unika, akaja na swali baya zaidi.

"Na kitambulisho? Bila hicho hakuna basiboti ya kusafiria, wallahi. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi ujao, na kila jina lazima liwe na namba ya kitambulisho."

Kitambulisho hakuwa nacho. Alijirekodi video, akawaambia wafuasi wake kwamba anakwenda kukiomba, wamwombee dua na wawasumbue wakubwa wasimcheleweshe. Alicheka vizuri sana mbele ya kamera. Chini ya video hiyo mtu asiyemjua akaandika: "Huyu tulipanga foleni naye kambi ya Dagahaley tukiwa wadogo."

Aliyafuta maneno yale papo hapo kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Alikuwa na miaka saba ukame ulipomaliza ng'ombe wao wote kule Masalani. Chakula kilikuwa kambini, na kambini kilikuwa cha wakimbizi peke yao. Mama, Mkenya wa kuzaliwa, akasema wametoka Somalia, kama walivyosema jirani zake wengi wenye watoto wenye njaa. Hamdi akaweka kidole kwenye kioo chenye mwanga, akapigwa picha, akapewa kadi, akala. Nani angewaza siku ile kwamba kompyuta haisahau?

Binamu yake Guled alikula chakula kilekile. Alipokuwa mkubwa akaenda kuomba kitambulisho. Mashine ikasoma kidole chake, ikasema huyu ni mkimbizi. Huu ni mwaka wa sita. Guled, ambaye babu wa babu yake amezikwa Masalani, hana karatasi, hana kazi, hawezi hata kupita kizuizi cha polisi kwenda Nairobi. Siku hizi anapakia mchanga kwenye malori na haongei na mtu.

Hamdi alimwogopa Guled kama mtu anavyoogopa ugonjwa wa ukoo. Alianza kwa kuitafuta ile kadi ya posho sandukuni ili aichome. Haikuwamo.

"Iko mahali salama," mama alisema bila kumtazama. "Wewe kimbia tu."

Basi vikabaki vidole, na kikaango.

Wiki tatu baadaye alifungua bendeji. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, laini, haina mstari hata mmoja. Akajaribu kufungua simu yake kwa kidole kama alivyozoea. Akajaribu kumi vyote, na simu ikakataa kumjua. Ndipo akapumua.

Siku moja kabla ya majina kufungwa, aliitwa ofisi ya vitambulisho. Afisa, mzee mpole wa Wajir aitwaye Kulow, alisimama kumpokea.

"Hirola mwenyewe! Binti yangu Samsam analala na video zako. Kaa, kaa."

Hamdi alikaa, mikono ikiwa ndani ya jilbabu. Habari ya kikaango alikuwa ameiandaa barabara, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini Kulow alivuta droo akaweka kitu mezani: kadi ya posho ya Dagahaley, na picha ya mtoto wa miaka saba asiyecheka.

Hamdi aliisukuma mikono ndani zaidi ya jilbabu.

"Mama yako aliileta mwezi uliopita," Kulow alisema. "Alikaa hapo ulipokaa, akalia, akasema kosa ni lake, si la mtoto. Mimi ndiye niliyemkataza asikuambie mpaka nipate jibu, nisije nikakupa matumaini ya bure. Na huko juu wangeikalia faili hii miaka kumi, wallahi, kama si hao watu wako wa mtandaoni. Wamepiga kelele mpaka wakubwa wamechoka. Abaayo, binti, wamekubali! Unafutwa kwenye orodha ya wakimbizi leo hii, na ukitoka hapa unatoka na namba yako."

Hamdi alilia kwa sauti, bila aibu. Alimwona mama yake kwenye kiti hichohicho, na akatamani arudi nyumbani mbio ambazo hajawahi kukimbia.

Kulow alimwacha alie. Kisha akakipangusa kioo cha ile mashine kwa mkono wa shati lake, mwanga wa kijani ukawaka, akaisogeza mbele yake.

"Wanataka hakikisho moja tu, kwamba mtoto wa kadi hii ni wewe," akasema akitabasamu. "Lete kidole."