Pindo la Suruali

Musimbi alisogeza mguu wa suruali karibu na dirisha, akashtuka. Uzi haukuwa umekatika wenyewe. Ulikuwa umekatwa kwa wembe.

Jamani! Pindo hilo alilishona yeye mwenyewe wiki jana, mara tatu, kwa uzi wa kushonea magunia. Sasa kila mshono ulikuwa umekatwa polepole, mmoja baada ya mwingine, na kitambaa hakikuguswa hata kidogo.

Mwenye suruali, kijana wa boda boda hapo Khayega, alisimama mlangoni akiangalia viatu vyake, helmeti mkononi. Mwaka mzima siku ya soko haikumpita. Analeta suruali hiyo hiyo, anangoja, anashukuru, anaenda.

"Shemeji, hiyo suruali inaliwanga na panya?" mama wa kuuza nyanya akamwita kijana kutoka nje, na wenzake wakaangua kicheko.

Musimbi hakucheka. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi. Tena Jumapili mjomba alikuwa anamletea mkulima mmoja wa Lugari, mtu amefiwa na mke, na Musimbi alikuwa amechoka hata kukataa.

Akapitisha kidole juu ya nyuzi zile zilizokatwa. Kisha akaikunja suruali vile ilivyokuwa, akamrudishia.

"Leo sishoni," akasema. "Jumapili kuna mtu anakuja kwetu kuniposa. Uko na kitu ya kusema, ama umeleta suruali tu?"

Helmeti ikamponyoka, ikabingirika mpaka miguuni pa mama wa nyanya. Hata yeye akaacha nyanya zake, akasogea asikie.